Kuumuka

Kule Kyela nilikanda unga saa kumi na moja,
na kabla sijafunga kitenge vizuri
ulishajaa beseni, umeinua mfuniko,
unachungulia nje
kama mtoto aliyesikia sauti ya wageni.
Hamira kijiko kimoja tu.
Joto tulipewa bure.

Kisha nikaolewa Makete.

Bulongwa, mwezi wa sita, alfajiri:
maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu.
Nikakanda unga uleule, hamira ileile,
mikono ileile iliyosifiwa sokoni kwetu.
Nikasubiri.
Saa moja. Saa tatu.
Donge limekaa kimya kama jiwe la kuzuia mlango.
Watoto wa shule wakapita na shilingi zao mkononi,
wakaniangalia, wakaenda.
Nikasema, hamira imekufa.
Mama mkwe, binti Chaula, bila kugeuka:
"Haijafa. Inasikia baridi kama wewe."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu wiki ile.

Hakunipenda, na hakuficha.
Alitaka mkwe wa hukuhuku, anayejua ngano na viazi,
asiyetetemeka mbele ya watu.
Nilipotia gogo zima la mpaina jikoni
likafuka moshi mpaka nikalia machozi ya kweli na ya uongo,
alilitoa, akalipasua,
vipande akavipasua tena,
mpaka vikawa vijiti vyembamba kama vidole vya kichanga.
"Moto hauna meno," alisema. "Mkatie."
Ukashika mara moja, huku na huku,
kila kijiti na mwali wake.

Maharage nayo!
Huku juu maji huchemka mapema,
lakini ni kelele tu, hayana hasira ya kutosha.
Niliongeza maji mara tatu, na kuni, na matusi ya kinyumbani,
punje zikagonga sufuria kama changarawe.
Yeye akatia kipande cha magadi,
akafunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko,
akaenda zake kupalilia.

Masika mume wangu aligema ulanzi.
Asubuhi ni togwa, watoto wananyonya vidole;
jua likitoka hukimbia,
jioni ni mkangafu, wanaume wanaimba nyimbo zisizo na mwisho.
Siku ya ukungu hutembea polepole,
na mume wangu, Mlutheri safi,
aliombea jua kwa moyo wake wote.
Mbeta yake hakuiosha kwa sabuni hata siku moja.
Nilidhani ni uchafu.

Basi usiku mmoja wa Julai, nimekanda, nimekata tamaa,
mama mkwe aliingia na kibatari,
akachukua beseni kama anayechukua mali yake,
akalizungushia blanketi,
akalala nalo, tumbo kwa tumbo.
Asubuhi donge limeinua mfuniko.
Unga umemganda kwenye gauni, chini ya titi.
Akakata kipande kidogo, akakifunika kwa kitambaa:
"Hiki cha kesho. Cha jana humwamsha wa leo."

Miaka kumi na saba.
Sekela wangu yuko kidato cha tatu,
anasoma kwa sauti karibu na mafiga, ananitafsiria.
Nacheka peke yangu. Kumbe haya yote yana jina.
"Na kichocheo ni nini?"
"Ni kitu, mama, kinachoharakisha mambo,
na kazi ikiisha chenyewe kiko vilevile,
hakikupungua, hakikubadilika."

Namtazama bibi yake kwenye kigoda:
ugoro, mdomo uliobinywa, blanketi lenye magamba ya unga.
Nyumba nzima imeumuka kando yake.
Mimi namjua mwanaye kwa sababu yake,
naujua moto, naijua baridi.
Yeye hajaniita mwanangu hata leo.

"Wewe wa Kyela," anasema,
"lete beseni. Leo kutaanguka sakitu."